Mzazi Yuko Ng'ambo, Mtoto Yuko Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Pesa za Matunzo

Anayekuja kuuliza habari hizi kwa kawaida huanza na "sheria inasemaje?" Hilo ndilo swali jepesi. Karibu kila nchi inasema mtoto atunzwe na wazazi wake, akae Tandika au akae Toronto. Kigumu ni kingine: mshahara wa mzazi anayedaiwa unaingia benki ya nchi gani, na ni mahakama ipi yenye mkono wa kuufikia? Majibu haya yanazunguka hapo. Yameandikwa zaidi kwa macho ya Tanzania na Kenya, maana huko ndiko waliko wengi wa wanaouliza, au ndiko walikotoka.

Alipanda ndege miaka minne iliyopita na tangu hapo kimya. Wajibu wake si uliishia uwanja wa ndege?

Haukuishia. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Haisemi "iwapo yupo nchini". Zanzibar ina sheria yake ya watoto ya 2011, na huko Waislamu hupeleka pia mashauri ya ndoa na matunzo kwa Kadhi. Kenya imekwenda mbali zaidi: Katiba ya 2010, ibara ya 53, inamwajibisha baba na mama sawasawa, wawe walioana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaweka utaratibu wa kudai.

Haikuwa hivi siku zote. Kabla ya 2009, mama wa Tanzania Bara aliyezaa bila kuolewa alitegemea sheria ya kikoloni iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Ndiyo, mia moja. Ilipofikia kufutwa, pesa hiyo haikutosha hata nauli ya daladala ya kwenda mahakamani kuidai. Kenya ilikuwa na sheria ya aina hiyo ikaifuta mwaka 1969, na kina mama wengi wakabaki mikono mitupu. Kwa hiyo bibi yako akikwambia "mwanangu, hizo hela hazidaiwi", anazungumza kutokana na aliyoyaona.

Nifungue kesi hapa nyumbani au huko aliko?

Usijibu swali hili kabla hujajua vitu vitatu: anakaa nchi gani, analipwa na nani, na ameacha nini nyumbani.

Tuseme baba yuko Leeds, lakini ana nyumba Kinondoni yenye wapangaji watatu. Kesi hiyo ni ya hapa. Ukipata amri ya mahakama ya watoto na asilipe, unarudi na maombi ya kukazia hukumu, na kodi ya wapangaji wale inaweza kuelekezwa kwa mtoto bila mtu yeyote kuvuka bahari. Vivyo hivyo kiwanja, gari alilomwachia mdogo wake, akaunti ya benki, hisa kwenye SACCOS, hata mafao. Watu huhangaika na mshahara wa ng'ambo wasioweza kuugusa, na huku kuna fremu za maduka zinazoingiza kodi kila mwezi.

Kama hana kitu nyumbani, utazame nchi aliko. Zipo nchi ambazo amri ya mahakama yako inaweza kusafiri ikathibitishwa kule. Zipo ambazo haiwezi, na huko itakubidi uanze upya mbele ya mahakama ya kwao. Na ipo hali ya tatu, ya aliyeajiriwa na nchi yake akiwa nje: ofisa wa ubalozi, mwanajeshi kwenye ulinzi wa amani, mfanyakazi wa kampuni ya nyumbani aliyepelekwa tawi la nje. Mshahara wake bado una mwajiri aliye nyumbani, na mwajiri huyo anaweza kuamriwa kukata.

Jambo la kukumbuka kabla hujaenda mbali: ipo Mikataba miwili mikubwa ya dunia juu ya jambo hili, ule wa Umoja wa Mataifa uliosainiwa New York mwaka 1956 na ule wa The Hague wa Novemba 2007. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika wowote kati ya hiyo. Botswana imejiunga na ule wa The Hague. Ukisoma mtandaoni kwamba "ujaze fomu tu, serikali itamaliza", angalia kwanza kama aliyeandika hakuwa anazungumza na mtu wa Ufaransa na mtu wa Norway.

Yuko Uingereza. Naanzia wapi?

Hapa una bahati, na bahati yenyewe ni urithi wa mkoloni. Uingereza ina mpango wa kubadilishana amri za matunzo na nchi nyingi zilizokuwa chini yake. Kenya na Tanzania Bara zimo chini ya sheria ya Uingereza ya 1972. Zanzibar na Uganda zimebaki chini ya ile kongwe ya 1920. Mpango huo hujulikana kwa kifupi REMO, na ofisi yake ya kupokea na kutuma iko London.

Unavyofanya kazi ni hivi. Unakwenda mahakama ya nyumbani na ushahidi wako: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kama kipo, mchanganuo wa mahitaji ya mtoto, anwani ya baba, picha yake, na chochote kinachoonyesha kazi yake. Kwa kuwa mdaiwa hayupo, hakimu hutoa amri ya awali, yaani amri isiyo na meno mpaka ithibitishwe kule. Faili linapita serikali kwa serikali hadi London, kisha hadi mahakama iliyo karibu na anakoishi. Huko anaitwa, anasikilizwa. Anaweza kusema mtoto si wake, au kiasi ni kikubwa mno. Mahakama ya kule inaweza kuthibitisha amri, kuipunguza, au kurudisha faili ikitaka ushahidi zaidi. Ikithibitishwa, asipolipa mwajiri wake anaweza kuamriwa kukata kwenye mshahara. Wewe huhitaji viza wala tiketi.

Kinachoua mafaili haya ni anwani. "Yuko Manchester, rafiki zake wanamjua" si anwani. Kinachofuata kwa kuua ni majina: baba anaitwa hivi kwenye cheti cha mtoto, na vingine kwenye pasipoti aliyosafiria. Kama unayajua majina yote mawili, yaandike yote na ueleze sababu. Usione aibu kwa niaba yake.

Na uwe na subira. Faili linapita meza nyingi, na likikaa mahali bila mtu wa kuliulizia, linakaa kweli. Chukua namba ya kumbukumbu kila linapohama.

Mimi na mtoto tuko Uingereza, baba yuko Dar. Child Maintenance Service watanisaidia?

Kwa kawaida hapana. Shirika hilo la serikali ya kule la matunzo ya watoto hushughulika na wazazi walio Uingereza wote wawili. Mlipaji aliye nje hufikiwa nalo tu kama ameajiriwa na serikali ya Uingereza, jeshi lao, huduma yao ya afya au kampuni yenye makao kule. Mwingine yeyote unampeleka mahakamani: unaenda mahakama ya familia ya eneo lako, unaomba njia ya REMO, na safari ya karatasi inakuwa ile ile ikirudi nyuma, kutoka London kuja Dar es Salaam.

Uwe mkweli katika hesabu lakini. Mahakama ya hapa itatazama kipato cha baba cha hapa. Mwalimu wa sekondari Morogoro hataamriwa kulipa kodi ya nyumba ya London. Wengine wakiona hivyo huamua kufuata makubaliano ya maandishi ya kiasi kidogo kinachofika kila mwezi, na siwalaumu.

Yuko Marekani.

Serikali kuu ya Marekani ina orodha ya nchi ilizokubaliana nazo kuhusu matunzo, na hakuna nchi ya Afrika Mashariki humo. Mlango haujafungwa hata hivyo, kwa sababu mambo haya kule yako mikononi mwa majimbo. Kila jimbo lina wakala wake wa matunzo ya watoto, na majimbo yote yana sheria ya pamoja, UIFSA, inayomruhusu mtu aliye nje ya nchi kuomba moja kwa moja kwenye jimbo analoishi mdaiwa. Wakala anaweza kukubali au kukataa kukuhudumia. Akikataa, unabaki na njia ya kufungua mahakamani kule kupitia wakili. Ndiyo maana kujua jimbo ni muhimu kuliko kujua mji. Minnesota na Texas ni milango tofauti.

Akishaingia kwenye mfumo, Marekani haina mchezo. Mshahara hukatwa kwa mwajiri kabla haujamfikia. Raia mwenye malimbikizo yanayozidi dola 2,500 hunyimwa pasipoti. Na aliye na green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akisubiri uraia anatakiwa aonyeshe mwenendo mwema. Kukusudia kutotunza watoto ni doa ambalo ofisa anaweza kumkatalia nalo. Hili la mwisho limewahi kulainisha mioyo migumu kuliko barua ya wakili. Lakini usiligeuze kitisho cha WhatsApp. Ujumbe wa "lipa au nakuharibia makaratasi" unaweza kusomwa mbele ya hakimu ukakugeukia wewe.

Na Ujerumani, au nchi nyingine za Umoja wa Ulaya?

Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Juni 2011 inaruhusu kumshtaki mzazi mahali anapoishi yeye. Kwa hiyo mtoto wa Arusha anaweza kumdai baba yake katika mahakama ya Hamburg. Mahakama hiyo ya Hamburg, ikiamua kiasi gani mtoto anastahili, inafuata sheria ya Ujerumani, kwa kuwa baba ameshtakiwa kule kule anakoishi. Jaji Mjerumani atafungua Sheria ya Mtoto ya Tanzania pale tu sheria ya kwao isipompa mtoto matunzo. Gharama za maisha za Arusha nazo huhesabiwa, kwa hiyo usitegemee kiwango anacholipwa mtoto wa Munich.

Kama baba hana ugomvi, kuna njia fupi sana Ujerumani: anakwenda ofisi ya vijana na watoto ya mji wake, Jugendamt, anasaini hati ya kukubali kulipa kiasi fulani. Haitozwi ada. Hati hiyo ina nguvu ya kukaziwa kama hukumu. Baba anayesema "mimi nitalipa tu, kwa nini mahakama?" mwambie akasaini ile. Jibu lake litakuonyesha mengi.

Na kama mtoto ndiye anayeishi Ujerumani, halafu baba yuko Mombasa na halipi, serikali ya kule inaweza kutanguliza pesa ya matunzo mpaka mtoto afikie miaka 18, kisha yenyewe ndiyo imkimbize baba.

Yuko Oman, Dubai au Saudia.

Nchi za Kiarabu zimefungamana kwa Mkataba wa Riyadh wa 1983, kwa hiyo hukumu ya Muscat inaweza kufanyiwa kazi Riyadh. Tanzania, Kenya na Uganda si wanachama. Usidhani kwamba amri ya hakimu wa Kisutu au wa Milimani itapokelewa hivyo hivyo. Jiandae kudai kule kule, mbele ya mahakama yao.

Hilo linafanyika kwa wakala. Unaandika hati ya uwakilishi mbele ya wakili wa nyumbani, unaithibitisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi husika, kisha inatafsiriwa Kiarabu. Kwa watu wa Zanzibar safari ni fupi kidogo, Oman ina ubalozi mdogo pale pale Unguja. Cheti cha ndoa ndicho ufunguo. Mahakama za sharia huko hujenga nasaba ya mtoto juu ya ndoa, kwa hiyo ambaye hakuolewa njia yake ni nyembamba, na mara nyingi ni afadhali akusanye nguvu zake nyumbani: atazame mali ya baba, na angoje likizo.

Likizo ni silaha inayosahauliwa. Anayefanya kazi Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili kwa kawaida hurudi. Fungua maombi mapema, wito uwe tayari, ili siku anaposhuka na mabegi ya zawadi mtu wa mahakama awe anajua nyumba ya kumpelekea. Wengi huanza kuandika maombi baada ya kumwona kwenye harusi ya binamu, na mpaka karatasi zikamilike ameshapaa.

Sijui hata anakaa wapi. Simu kazima.

Anza na watu, si na intaneti. Mama yake anajua. Anaweza asiseme, lakini anajua, na akielezwa kwa heshima kwamba ni kwa ajili ya mjukuu wake, wengine husema. Ofisa ustawi wa jamii, au ofisa wa watoto kwa upande wa Kenya, anaweza kuwaita ndugu hao kwenye kikao, na wito wa ofisi hufungua midomo ambayo wewe ulishindwa.

Ukishindwa kabisa kumkabidhi wito mkononi, omba mahakama ruhusa ya kuufikisha kwa njia mbadala. Tangazo la gazeti ndilo la kizamani. Kanuni za Kenya za 2020 zimeruhusu wito kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe wa simu, na alama ya kwamba ujumbe umefika ikawa ushahidi. Ndiyo sababu usimfungie wala usifute mazungumzo yenu ya zamani kwa hasira.

Hatukuoana, na sasa anasema mtoto si wake.

Kwanza tazama kalenda. Kwa Tanzania Bara, maombi ya matunzo dhidi ya mwanamume anayetajwa kuwa baba huweza kuletwa wakati wa ujauzito au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo mlango unabaki wazi ukithibitisha kwamba ndani ya miezi ile 24 alitoa pesa ya kumtunza. Na kama aliondoka nchini ndani ya kipindi hicho, unahesabiwa miezi 24 mingine kuanzia siku aliporudi. Soma tena sentensi hizo mbili. Muamala wa shilingi 30,000 alioutuma mtoto akiwa na miezi mitano unaweza kuwa ndio kesi yako nzima. Nenda ofisi ya mtandao wa simu ukaombe taarifa za miamala kabla hazijawa za kale mno.

Kipimo cha vinasaba kwa Tanzania hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba ya 2009, na hakifanywi kwa hamu yako tu; lazima ombi litoke kwa mwenye mamlaka kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Baba aliye nje anaweza kutoa sampuli huko aliko, mradi njia ya kuichukua na kuituma iwe imeamriwa na kuandikwa. Sampuli ya mswaki uliouiba bafuni kwake haitakusaidia.

Kiasi gani ni haki, na kwa pesa ya nchi gani?

Hakuna jedwali Tanzania wala Kenya. Hakimu hutazama kipato na mali za wazazi, mahitaji ya mtoto, gharama za maisha anapoishi, na watoto wengine ambao mzazi anawatunza. Andika bajeti ya kweli: ada, sare, nauli, chakula, sehemu ya kodi ya nyumba, dawa. Ukiweka "matumizi mengineyo 500,000" umejiharibia.

Sarafu ni jambo ambalo watu hulipita haraka, nami nalisisitiza. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka ikawa karibu 129. Mama aliyekubaliana dola 100 alitoka kwenye 16,000 hadi 12,900, ada ya shule ikiwa ile ile. Tanzania nako dola ilipita 2,600 katikati ya mwaka huo na Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Upepo ukigeuka, anayeumia ni mlipaji aliyeahidi dola huku analipwa pauni. Ushauri wangu: kiasi kiandikwe kwa shilingi, kwa sababu mtoto anakula kwa shilingi, na kipitiwe upya kila mwaka shule zinapofungua. Muandike pia nani anabeba ada ya kutuma.

Mimi ndiye ninayelipa. Namtumia kaka yangu ampelekee mama wa mtoto. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Kaka yako ana shida zake. Hata akiwa mwaminifu kama kisima, mbele ya hakimu huna risiti: una muamala kwenda kwa ndugu yako. Tuma kwa mama wa mtoto mwenyewe, benki au simu, na mahali pa maelezo uandike "matunzo ya mtoto, Machi". Ada lipa kwenye akaunti ya shule na uhifadhi hati ya malipo. Anayekubali kupokea mkononi tu, mwandikiane.

Na tusichanganye mambo: viatu vya mpira kutoka Dubai, simu ya kisasa ya siku ya kuzaliwa, hizo ni zawadi. Usizihesabu kama matunzo ya miezi mitatu. Mtoto hali simu.

Nimepoteza kazi huku. Nifanye nini?

Nenda ukaombe amri ibadilishwe, mara moja, kwa mahakama iliyoitoa au iliyoithibitisha. Sheria zote zinaruhusu. Amri haijipunguzi yenyewe kwa sababu umefukuzwa kazi. Kila mwezi unaokaa kimya deni linapanda. Wakati huo huo tuma chochote. Elfu ishirini inayofika ina sauti kuliko laki mbili iliyoahidiwa.

Mimi ni mama, niko Muscat kazi za ndani. Mtoto yuko kwa bibi yake. Naweza kudaiwa?

Unaweza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaweka mzigo kwanza kwa baba, na kwa mama pale baba amekufa, hajulikani alipo au hana uwezo. Lakini Sheria ya Mtoto inazungumza na mzazi, bila kuchagua jinsia. Kenya mko sawa kabisa.

Ila swali hili mara nyingi huficha jingine. Mama anatuma karibu mshahara wote, na baba, aliyeko mtaa wa tatu kutoka kwa bibi, hatoi senti kwa kuwa "mama yao yuko Uarabuni". Kwa Tanzania, bibi mwenyewe anaweza kufungua maombi dhidi ya baba huyo. Sheria inamruhusu ndugu wa mtoto, mlezi, hata ofisa ustawi kufanya hivyo. Si lazima akungoje urudi.

Ananinyima kuongea na mtoto. Si nisimamishe hela mpaka afungue simu?

Usisimamishe. Kumwona mtoto na kumlisha ni maombi mawili, na hakimu hatakubali ulipe moja kwa kuzuia lingine. Kadhalika mama: kutolipwa hakukupi ruhusa ya kumficha mtoto. Mlipaji mwenye risiti za miezi yote ndiye anayesikilizwa vizuri akiomba siku za kuongea kwa video na wiki mbili za likizo.

Tumeelewana wenyewe. Lazima mahakama?

Si lazima, lakini karatasi ya makubaliano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa haitavuka mpaka. Njia ya REMO husafirisha amri ya mahakama. Kama mmeelewana kweli, pelekeni makubaliano yasajiliwe yawe amri wakati bado mnapendana kiasi cha kukaa benchi moja. Kwa asiye na wakili, msaada wa kisheria upo: TAWLA na WLAC kwa Tanzania, FIDA na Kituo cha Sheria kwa Kenya.

Mpaka lini?

Miaka 18 kwa kawaida, na mahakama inaweza kurefusha kama bado anasoma au ana ulemavu unaomfanya ashindwe kujitegemea. Omba kabla hajatimiza 18, si baada ya barua ya chuo kufika. Na malimbikizo ya miaka iliyopita hayafutiki siku ya keki. Yaliyoamriwa na hayakulipwa yanabaki kuwa deni, hata kama mtoto mwenyewe ameshaanza kufuga ndevu.